Jenasi ni nini? Tuangalie ndege wa mlimani wenye kula mbegu

Hapa Bukavu watu wakiona kandege kadogo kenye mdomo mfupi mnene, kanavunja mbegu pembeni ya shamba, wanasema hizi zote ni ndugu moja. Apana. Ule mdomo unaletwa na chakula, ndege mwenye kuishi na mbegu vizazi na vizazi anaishia kuwa nao, ata akiwa wa familia ingine kabisa. Kuvaa kitenge kimoja kwenye ndoa haifanye watu wakuwe wa tumbo moja.

Watu wa sayansi wanapanga hivi: espesi, ni kusema aina moja moja za viumbe, zenye babu moja wa karibu zinaingia kwenye jenasi moja, jenasi nazo zinaingia kwenye familia. Kwenye jina la Kilatini, neno la kwanza ndiyo jenasi.

Chukua chiriku mwenye milia, Crithagra striolata, yule wa kahawia mwenye mstari mweupe juu ya jicho, huyo ni wa familia ya Fringillidae. Sasa panda mbuga ya Kahuzi-Biega, chini kabisa kwenye vichaka vya msitu, kuko Cryptospiza, ndege wa mabawa mekundu, na huyo ni Estrildidae. Angalia kiota tu: chiriku anajenga kikombe wazi, mayai yake kwa kawaida iko na madoa, lakini Cryptospiza anafunika kiota chake mpaka juu, mlango iko pembeni, mayai ni meupe peee, na vitoto vya familia yake viko na alama ndani ya kinywa.

Cryptospiza iko na espesi 4, na hapa ndipo inakuwa tamu. C. reichenovii (C. ni kifupi cha Cryptospiza) dume iko na wekundu kuzunguka macho, C. salvadorii hana wekundu usoni, C. jacksoni mwili wake ni wa kijivu cha giza, C. shelleyi dume ana uso mwekundu wote na mdomo mwekundu. Hao wawili wa mwisho wanapatikana tu kwenye milima ya Bonde la Ufa upande wetu huu, dunia nzima hakuna pengine, kwa hiyo msitu ukikatwa hawana pa kukimbilia.

Jenasi inaweza kubadilishwa pia. Chiriku wetu zamani aliwekwa kwenye Serinus pamoja na kanari wa kufugwa, halafu ADN (DNA, ile alama ya urithi ndani ya mwili) ikaonyesha kama wengi wa Afrika wako na ukoo wao, wakahamishiwa Crithagra. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika Serinus striolatus, ni yule yule wa shambani.