Pini ya pistoni kugonga: maana yake

Pini ya pistoni ni kipande cha chuma kama bomba fupi nene, kinachopita ndani ya pistoni na kuifunga na konrodi, yaani mkono unaoiunganisha na krenki. Krenki, shafti kuu ya injini, ikizunguka, konrodi inachezea kwenye pini hiyo, kwa hiyo lazima pawepo na nafasi kidogo ya oili. Kwenye injini nyingi ndogo za petroli nafasi hiyo ni kama milimita 0.01 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ikizidi, kila msukumo kwenye pistoni unapogeuka pini inarushwa kutoka upande mmoja wa tundu hadi wa pili. Chuma kinapiga chuma, na mshtuko unapita kwenye konrodi na krenki hadi kwenye bloku, mwili wa injini.

Mlio wake ni mkali, mwepesi, na mara nyingi huja mbilimbili: ko-ko, ko-ko. Asubuhi unawasha gari Tegeta, kimya. Jioni uko kwenye foleni ya Ubungo, injini imeshika moto, mguu hauko kwenye mafuta, ndipo unausikia. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Tundu linapanuka kuizidi pini, na oili nayo imeshakuwa nyepesi.

Pistoni inayopiga ukuta wa silinda ni kinyume chake: hupiga kelele injini ikiwa baridi, ikipata moto inatulia. Beringi ya konrodi hugonga kwa sauti nzito inayozidi ukikanyaga mafuta. Ukiisikia hiyo zima injini hapohapo, ita gari la kuvuta.

Fundi makini pale Gerezani atagusisha bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, kisha atazima silinda mojamoja. Kwa gari za siku hizi ni heri achomoe soketi ya nozeli (inayopulizia petroli) kuliko ya koili (inayoleta cheche), maana petroli isiyoungua huua masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Ikizimwa silinda yenye beringi mbovu, mlio hupungua. Wa pini hubadilika tu, na wakati mwingine ndio kwanza unakuwa mkali. (Wa bodaboda hawana kipimo hiki, silinda ni moja, ukiizima umezima pikipiki.)

Ukiambiwa uweke oili nzito, ujue unanunua ukimya wa muda. Dawa ni kushusha injini, kupima kwa maikromita, na kubadilisha pini, bushi au pistoni yenyewe, kutegemea kilicholika.

Na kuna kelele zinazozaliwa gereji. Viwanda vingi hutoboa tundu la pini pembeni kidogo ya katikati ya pistoni, ili pistoni isipige ukuta kwa kishindo inapobadilisha upande. Ndiyo maana juu ya pistoni huwa na alama, mara nyingi mshale, unaotakiwa kuelekea mbele ya injini. Pistoni ikifungwa kinyume, spea zote mpya za Kariakoo hazitakusaidia. Omba uone mishale hiyo kabla silinda hedi haijarudishwa.