Maziwa ya Moto Ndani ya Friza

Ninapofundisha mada ya joto, namtaja Erasto Mpemba kabla sijaandika fomula yoyote ubaoni. Nafurahi kwamba ni Mtanzania mwenzetu, lakini namtaja kwa sababu nyingine: sijaona kisa kinachoonyesha wazi kama chake namna mtu anavyonaswa na fizikia.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja aliweka ya kwake bila hata kuyachemsha. Mpemba alipoona nafasi inakwisha akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kuangalia, wakakuta ya Mpemba yameganda na ya mwenzake bado ni mazito tu. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganya mambo, hilo haliwezekani.

Watu wanaoeleza mwanzo wa mapenzi ya sayansi hupenda kusimulia habari za Einstein, aliyeonyeshwa dira na baba yake akiwa mtoto wa miaka minne au mitano, akashangazwa na sindano inayoelekea upande mmoja bila kuguswa. Ni kisa kizuri. Ila mshangao wa namna hiyo humpata karibu kila mtoto, na wengi hukua wakausahau. Kinachong'ang'ania, kwa maoni yangu, ni mgongano. Macho yako yameona hivi, mtu unayemheshimu anasema vile, nawe huwezi kulala mpaka ujue lipi ni lipi.

Mpemba aliishi na mgongano huo kwa miaka. Rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye pia huiweka ikiwa ya moto ili iwahi kuganda. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, wakafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, inayoeleza kasi ya kitu cha moto kupoa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo akikosea hesabu, darasa linasema ni hesabu za Mpemba.

Siku moja akakuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya jokofu. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya maji ya moto. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Maziwa na sukari ameviondoa, amebakiza maji matupu katika vyombo vinavyofanana, na hakuna mtu aliyemwagiza.

Ndipo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule. Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, yakiwekwa kwenye friza, kwa nini ya nyuzi 100 huganda kwanza? Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara akamletea taarifa kwamba ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Pingamizi la kawaida ni hili: maji ya moto lazima yapite nyuzi 35 yakishuka, na yakifika hapo si yamekuwa sawa na yale mengine yalivyoanza? Hapana. Sehemu ya maji hayo ya moto imeshapotea kama mvuke. Maji yakipoa kutoka 100 hadi 0 kwa kuvukiza peke yake, yangepungua kwa takriban asilimia 16. Gesi zilizoyeyuka ndani yake zimetoka. Myuko, yaani maji ya moto kupanda na ya baridi kushuka, umefanya juu kuwe na joto kuliko chini. Pengine chombo chenyewe kimeyeyusha barafu iliyoota kwenye friza, kikakaa vizuri zaidi juu ya chuma baridi. Namba ya kipimajoto haisemi hayo yote.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima kwa uangalifu nchini Uingereza, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha, na kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu kunaweza kukupa matokeo ya uongo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, Kanada, wakaonyesha tabia kama hiyo waziwazi, lakini kwa punje ndogo mno ndani ya maji, wakiisukuma kwa leza, bila barafu yoyote.

Kama una friza nyumbani, mpe mwanao vikombe viwili vinavyofanana na vinavyostahimili joto. Mmiminie wewe yale ya moto, asiungue. Kabla ya kufunga mlango aamue atahesabu nini: chembe ya kwanza ya barafu, au kikombe kizima kuganda? Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kutofautiana. Halafu mwache aandike alichokiona, hata kama hakilingani na kitabu.