Keki ya harusi ya ghorofa: mzigo kwanza, maua baadaye

Wanaoniletea oda ya keki ya harusi huanza kwa kunionyesha picha ya maua. Mimi huwauliza mambo matatu yasiyohusiana na maua hata kidogo: wageni ni wangapi, ukumbi utakuwa na joto kiasi gani, na keki itasafiri mwendo gani kabla ya kukatwa. Majibu hayo ndiyo yanayoamua nitaoka nini, nitaipaka nini na nitaisimamisha vipi. Mapambo nayapenda sana, lakini hayawezi kuiokoa keki iliyopangwa vibaya chini yake.

Idadi ya wageni huamua ukubwa. Kipande cha keki ya harusi huwa kidogo: upana wa sentimita 2.5, urefu wa 5, na kimo cha keki yenyewe, ambacho ni kama sentimita 10. Kwa kipimo hicho, keki ya duara yenye kipenyo cha sentimita 15 hutoa vipande 12 hivi, ya 20 hutoa 24, na ya 25 hutoa 38. Ukizipandanisha zote tatu una vipande 74. Wengi wanaoanza hudhani keki ya sentimita 30 ni mara mbili ya ile ya 15, wakazidisha viambato mara mbili, kumbe duara hukua kwa mraba wa kipenyo chake. Chukua 30 mara 30, gawa kwa 15 mara 15, unapata 4. Kutoka 20 kwenda 25 ni 625 kwa 400, yaani kama mara moja na nusu na kidogo juu. Hesabu hii ifanye kwa uzito, ukiwa na mizani mezani. Vikombe hudanganya, hasa kwenye unga.

Keki ya chini lazima iweze kubeba. Kwa hiyo mimi hupendelea keki ya siagi ya uzito sawa: siagi, sukari, mayai na unga, kila kimoja kwa uzito uleule. Siagi ikiwa na nyuzijoto 18 hadi 20, yaani kidole kinabonyea lakini haing'ai kwa mafuta, hushika hewa vizuri ukiichapa pamoja na sukari. Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja, la sivyo mchanganyiko hukatika. Keki ya sponji iliyo nyepesi kama ile ya kukunja ni tamu, lakini iache iwe ghorofa ya juu.

Sufuria pana ina tabia yake. Ukingo hupata joto mapema, rojo la pembeni likaganda huku la katikati bado linaumuka. Ndiyo maana keki hutokea na kilima na mpasuko juu. Shusha oveni hadi nyuzijoto 160, zungushia sufuria kitambaa kilicholowa maji kikakamuliwa, na uwe na subira. Kijiti kikitoka kikavu katikati imeiva, au kwa kipimajoto tafuta nyuzijoto 96 hadi 98. Kilima kidogo kikibaki, kikate kwa kisu cha meno baada ya keki kupoa kabisa. Ghorofa isiyo sawa haitasawazishwa na krimu.

Sasa krimu, na hapa ndipo joto la ukumbi linapoingia. Siagi huyeyuka kabisa kwenye nyuzijoto 32 hadi 35, lakini hulegea mapema zaidi ya hapo. Kwa ukumbi wenye ubaridi, krimu yangu ya kwanza ni ile ya ute wa mayai: gramu 150 za ute na 300 za sukari huwekwa kwenye bakuli juu ya mvuke, zikikorogwa mpaka zifike nyuzijoto 71, kisha hupigwa hadi zipoe na kusimama, ndipo gramu 450 za siagi laini huingizwa kidogo kidogo. Katikati ya safari mchanganyiko huonekana umekatika kama maziwa yaliyoganda. Usiumwage! Endelea kupiga, utarudi kushikana. Ukumbi ukiwa na joto, au sherehe ikiwa nje, nahamia kwenye ganashi ya chokoleti nyeupe, sehemu 3 za chokoleti kwa 1 ya krimu nzito ya maziwa. Huwa imara na hutoa kingo kali chini ya fondanti, yaani ile sukari laini inayosukumwa kama chapati na kufunika keki. Wapo wanaobadilisha siagi kwa mafuta magumu ya mboga. Inastahimili joto, ni kweli, lakini huacha utando mdomoni ambao mimi siupendi.

Kupandanisha ndiko kunakowatisha watu zaidi. Keki ya harusi ya Malkia Victoria wa Uingereza, mwaka 1840, ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 136, lakini ilikuwa duara moja kubwa. Keki za nguzo zilizokuja baadaye zilitegemea keki ngumu ya matunda na aisingi ya sukari na ute wa mayai iliyokauka kama jiwe. Hiyo iliweza kushikilia nguzo. Sisi leo tunataka keki laini na krimu laini, kwa hiyo nguzo zimehamia ndani: ni vijiti vinavyochomekwa kwenye keki ya chini ili vibebe ya juu.

Kila ghorofa hukaa juu ya kibao chake chenye kipenyo sawa na keki. Bila kibao, vijiti vitaichoma ghorofa ya juu badala ya kuibeba. Keki ya chini ikishapakwa na kupozwa, chomeka kijiti kimoja, weka alama pale krimu inapoishia, kitoe, kisha kata vyote kwa kipimo hicho kimoja. Usipime kila kijiti peke yake, kwa sababu uso wa keki huwa na tofauti ndogondogo na ghorofa ya juu itainama. Chini ya ghorofa ya sentimita 15 natumia vijiti 4, chini ya ile ya 20 natumia 6, vyote vikiwa ndani ya alama ya kibao kitakachokaa juu. Mirija minene ya plastiki hufaa pia na hukatika kwa mkasi. Mwisho, kijiti kirefu kilichochongwa ncha hupita katikati ya ghorofa zote hadi kibao cha chini kabisa, ili breki za gari zisiiteleze keki. Garini, iweke sehemu bapa, kamwe si mapajani. Ikizidi ghorofa tatu, naisafirisha kwa vipande na kuisimamisha palepale ukumbini.

Kwenye rangi, tumia rangi ya jeli, si ya maji, na uichanganye siku moja kabla. Nyekundu hukolea zaidi ikilala. Zambarau iepushe na mwanga mkali, maana hupauka ikaelekea buluu.

Maua mabichi yanataka uangalifu mkubwa kuliko sifa yanazopewa. Oleanda na haidrenjia zina sumu, na hata waridi salama huenda limepuliziwa dawa za wadudu. Nunua yaliyokuzwa kwa ajili ya kuliwa, au funika mashina kwa utepe wa maua na uyaingize kwenye mrija, yasiguse keki.

Kuhusu ratiba, oka siku tatu kabla. Keki tupu ikifungwa vizuri hukaa salama kwenye friza kuliko kwenye friji, kwa kuwa ubaridi wa friji ndio unaoharakisha wanga kukakamaa. Fondanti ikitoka kwenye ubaridi hutoka jasho. Iache ndani ya boksi lake lililofungwa mpaka ifikie joto la chumba, jasho libaki nje ya boksi.

Kisha kuna watu wa jikoni ukumbini, ambao mara nyingi ndio wakataji halisi. Waachie karatasi: waanze kushusha ghorofa ya juu, watoe kijiti kirefu, na kila ghorofa waondoe kibao na vijiti kabla ya kukata. Andika idadi ya vijiti kwa kila ghorofa, wavihesabu, kisibaki hata kimoja kwenye sahani ya mgeni.