Nadharia ya mashabiki ni nini? Tuanzie kwa Jon Snow

Nadharia ya mashabiki ni hoja anayoijenga msomaji au mtazamaji kuhusu jambo ambalo hadithi haijalitamka, kwa kutumia yale ambayo hadithi imeyatamka. Huyu mtoto ni wa nani hasa? Nani alimtilia sumu yule mzee? Huyu kijana aliyejitokeza kudai ufalme ni yeye kweli? Anayejibu maswali hayo kwa kuwa tu anampenda mhusika fulani anabashiri. Anayerudi kwenye kurasa, akakusanya vidokezo, akavipanga na kuonyesha kwamba vinaelekea upande mmoja, huyo ana nadharia.

Dhana hii inaonekana vizuri sana katika A Song of Ice and Fire, mfululizo wa riwaya za fantasia wa Mmarekani George R. R. Martin. Kitabu cha kwanza, A Game of Thrones, kilitoka 1996. Cha tano kilitoka 2011, mwaka uleule ambao kituo cha televisheni cha HBO kilianza kuonyesha tamthilia iliyotokana na vitabu hivyo. Martin amepanga vitabu saba. Anayetaka kuvisoma bila kujua siri zake asiendelee hapa, maana nadharia haielezeki bila kuzitaja.

Nadharia mama ya mfululizo huu huandikwa kama hesabu: R+L=J. Yaani Rhaegar na Lyanna ndio waliomzaa Jon. Tunapokutana na Jon Snow, tunaambiwa ni mtoto wa nje ya ndoa wa Eddard Stark, bwana wa Kaskazini, ambaye jamaa zake humwita Ned. Ned alirudi vitani na kichanga, akasema ni mwanawe, akamlea pamoja na watoto wake wa ndoa, na hakumwambia hata mkewe Catelyn mama wa mtoto ni nani. Katika vita hiyohiyo alimpoteza dada yake, Lyanna. Mwanamfalme Rhaegar Targaryen alikuwa ameondoka naye, na mchumba wa Lyanna, Robert Baratheon, aliamini kwamba ametekwa na kubakwa. Robert akamuua Rhaegar vitani, akatwaa kiti cha enzi. Hivyo ndivyo karibu kila mtu ndani ya hadithi anavyoisimulia historia hiyo, na msomaji wa haraka huipokea kama ilivyo.

Lakini kuna ndoto. Ned amelala na mguu uliovunjika, amenyweshwa dawa ya kasumba, na anaota jambo la miaka mingi nyuma: watu saba wakiwakabili watatu mbele ya mnara huko Dorne. Hao watatu ni Walinzi wa Mfalme, wapiganaji wenye sifa kuliko wote. Ned anawauliza kwa nini hawakuwapo mfalme wao alipouawa, na kwa nini hawakuondoka na malkia pamoja na mwanamfalme mdogo aliyebaki. Wanamjibu kwamba Walinzi wa Mfalme hawakimbii. Wanapigana, na kati ya watu kumi wanatoka hai wawili tu, Ned na Howland Reed. Msomaji makini anasimama hapo. Kiapo cha watu hawa ni kumlinda mfalme. Mfalme amekufa, mrithi wake Rhaegar amekufa, na kwa yule mtoto wa mfalme aliyesalimika hawakwenda. Basi ndani ya mnara walikuwa wakimlinda nani?

Kwangu hilo swali moja lina uzito kuliko vidokezo vingine vyote, kwa sababu halihitaji alama wala njozi. Linahitaji tu kuamini kwamba watu hawa walikijua kiapo chao. Mengine yanakuja kulitegemeza. Lyanna alifia kwenye kitanda chenye damu akimsihi kaka yake amwahidi jambo, na ahadi yenyewe hatuambiwi. Kwingineko katika kitabu hichohicho mganga mmoja anazungumzia kitanda cha damu akimaanisha kitanda cha kujifungulia. Ned, mtu anayesifiwa kwa ukweli, anakiri moyoni kwamba ameishi na uongo kwa miaka kumi na minne, umri unaolingana na wa Jon. Na tunajua kwa nini mtu mkweli angedanganya: Robert alipooneshwa maiti za watoto wadogo wa Rhaegar hakusikitika, na Ned aligombana naye kwa ajili hiyo. Mtoto mwingine wa Rhaegar asingeachwa hai.

Kisha kuna mawaridi ya buluu. Katika mashindano ya wapanda farasi huko Harrenhal, Rhaegar alishinda, akampita mkewe Elia, akaweka taji la mawaridi hayo mapajani mwa Lyanna. Sasa tazama tarehe. Wasomaji walikuwa wameshaiandika R+L=J kwenye intaneti mwaka 1997. Kitabu cha pili, A Clash of Kings, kikatoka 1998, na ndani yake Daenerys Targaryen, dada mdogo wa Rhaegar, anaona katika njozi ua la buluu limeota kwenye ufa wa ukuta wa barafu, likiijaza hewa harufu tamu. Wakati huo Jon ni askari anayelinda Ukuta, na Ukuta huo ni wa barafu. Nadharia ilikuwa imejengwa kwa kitabu kimoja, na kitabu kilichofuata kikaipa ushahidi ambao waliojenga hawakuwa nao. Hapo ndipo nadharia hukomaa, inapokutana na kurasa mpya na kusimama.

Waandaaji wa tamthilia, David Benioff na D. B. Weiss, wamesimulia kwamba walipokutana na Martin kumwomba haki za vitabu, aliwauliza mama wa Jon ni nani. Walijibu, na jibu lao lilimridhisha. Watazamaji wakaoneshwa mnara na kichanga katika kipindi cha mwisho cha msimu wa sita, Juni 2016, na mwaka uliofuata baba akatajwa waziwazi. Katika vitabu vitano vilivyochapishwa bado hakuna mhusika aliyelitamka.

Mwaka 2014, kwenye tamasha la vitabu la Edinburgh, Martin alizungumzia wasomaji waliokwisha kung'amua anakokwenda. Alisema kubadili njia kwa ajili hiyo kungekuwa balaa, kwa kuwa vidokezo vimeshapandwa vitabuni na vingebaki bila maana. Naliheshimu sana jambo hilo. Mwandishi anayegeuza jibu ili tu asikamatwe anawaadhibu waliomsoma kwa makini. Mtegaji wa kitendawili anaruhusiwa kudai mji msikilizaji akishindwa, lakini haruhusiwi kubadili jibu msikilizaji akipata. Na kama ilivyo kwa kitendawili, jibu zuri la nadharia ni lile linalotosha maneno yote yaliyotegwa. Likiacha moja nje, kuna kazi bado.

Kwa nini vitabu hivi vimezaa nadharia nyingi kiasi hiki? Sababu moja ni subira. Kati ya kitabu cha tatu, cha mwaka 2000, na cha nne ilipita miaka mitano. Kati ya cha nne na cha tano, sita. Watu waliosubiri hivyo walisoma upya mara nyingi, na kusoma upya ndiko kunakoibua vidokezo. Sababu kubwa zaidi ni namna Martin anavyosimulia. Karibu kila sura tunaiona kwa macho ya mhusika mmoja. Tunajua anachokijua, tunakosea anapokosea. Rhaegar na Lyanna hawana sura hata moja. Tunawajua kwa midomo ya waliowapenda na waliowachukia. Tena hata kumbukumbu haiaminiki. Sansa Stark, binti wa Ned, anakumbuka kwamba mpiganaji Sandor Clegane alimbusu usiku wa vita ya mtoni. Rudi kwenye sura ya usiku huo: hakumbusu. Martin amethibitisha kwamba tofauti hiyo ni ya makusudi. Ukishagundua kwamba mhusika anaweza kukupotosha bila kukusudia, unaanza kusoma kila kumbukumbu kwa tahadhari, na mlango wa nadharia unafunguka.

Namna hiyohiyo ya kusimulia ndiyo inayowasha mijadala ya wahusika, ambayo wengi huitenganisha na nadharia ilhali chimbuko ni moja. Chukua Jaime Lannister. Katika kitabu cha kwanza anamsukuma mtoto Bran, mwana wa Ned, kutoka dirishani ili kuficha siri ya mapenzi yake na dada yake Cersei. Dunia nzima inamwita muuaji wa mfalme, kwa kuwa alimchoma upanga Aerys, mfalme aliyeapa kumlinda. Tunamchukia kupitia macho ya Ned na Catelyn. Katika kitabu cha tatu Martin anatupa kwa mara ya kwanza sura zilizo ndani ya kichwa cha Jaime, na kule Harrenhal, mkono umekatwa, homa imempanda, anamweleza Brienne, mpiganaji wa kike anayesafiri naye, kilichotokea: Aerys alikuwa ameamuru jiji zima liteketezwe kwa moto wa kichawi uliofichwa chini ya ardhi, na Jaime, kijana wa miaka kumi na saba, alimuua ili kuuzuia.

Tangu hapo kuna kambi mbili, na mjadala wao haujapoa. Wapo wanaosema aliyeokoa jiji amelaumiwa bure maisha yake yote. Wapo wanaojibu kwamba hilo halimwinui Bran kutoka kitandani. Naona wote wawili wana haki juu ya tukio wanalolishika, na wanaposhindana vibaya ni pale kila mmoja anapojifanya tukio la mwenzake halikuandikwa. Kumtetea mhusika au kumshitaki ni nadharia pia. Ni hoja kuhusu moyo wake, na inadai ushahidi uleule: amefanya nini, aliwaza nini, na macho ya nani yalikuwa yakitutazamia.

Nadharia huanguka kwa namna mbalimbali. Nyingine zinasimama juu ya ukimya peke yake, kwamba kwa kuwa hatukuoneshwa maiti, basi mtu yu hai. Kwa kipimo hicho nusu ya marehemu wa hadithi yoyote wangefufuka. Nyingine hukusanya maneno yanayofanana bila kujiuliza yangekuwa na kazi gani katika hadithi. Iko moja maarufu inayodai kwamba Varys, mkuu wa wapelelezi, ni kiumbe wa baharini.

Kuna nadharia iliyoanguka kwa heshima kuliko zote. Katika kitabu cha tatu anatokea mtu wa ajabu mwenye mikono meusi ya baridi, anayepanda swala mkubwa na kuwaokoa watu kaskazini ya Ukuta. Wasomaji wengi walisema ni Benjen Stark, ami yake Jon, aliyepotea huko tangu mwanzo. Hoja ilikuwa na akili: mahali panafanana, vazi ni la walinzi wa Ukuta, na Benjen hajulikani alipo. Kumbe mhariri wa Martin, Anne Groell, alikuwa ameuliza swali hilohilo pembeni ya mswada, na Martin akamjibu kwa mkono wake kwamba siye. Mswada huo umehifadhiwa katika maktaba ya Cushing ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, na mashabiki ndio waliokwenda kuukuta. Tamthilia lakini ikafanya vingine, ikampa Benjen nafasi hiyo. Ndiyo maana anayejadili nadharia lazima aseme kwanza anazungumzia vitabu au tamthilia. Ni hadithi mbili zenye mzizi mmoja, na ushahidi wa moja hauifungi nyingine.

Kati ya zilizo wazi bado, inayonivuta zaidi ni ya Aegon. Katika kitabu cha tano anajitokeza kijana anayesemekana kuwa mwana wa Rhaegar na Elia, yule mtoto aliyeuawa kwa kubamizwa ukutani; inadaiwa Varys alimbadilisha na kichanga kingine. Wasomaji wengi wanaamini kijana huyu anatokana na Blackfyre, tawi la ukoo wa Targaryen lililoasi mara kadhaa na kushindwa. Wanataja jeshi la kukodi linalomuunga mkono, Golden Company, lililoanzishwa na muasi wa upande wa Blackfyre na ambalo halikuwahi kuvunja mkataba mpaka lilipouvunja wa jiji la Myr kwa ajili yake. Wanataja Illyrio, mfadhili wa kijana, anayesema Blackfyre wamekwisha kwa upande wa wanaume, kauli inayowaacha wanawake. Wanataja pia njozi ya Daenerys ya joka la kitambaa linaloyumba juu ya vijiti huku umati ukishangilia.

Upande wa pili una silaha moja, nayo ni nzito. Mwisho wa kitabu, Varys anasimama juu ya Kevan Lannister, ami yake Jaime, anayekata roho na kumwambia kwamba Aegon yupo, na kwamba amelelewa tangu utotoni ili atawale. Kwa nini umdanganye mtu atakayekufa baada ya dakika chache? Wanaoshika nadharia ya Blackfyre hujibu kwamba Varys hakuwa peke yake, watoto wake wapelelezi walikuwa wakisikiliza, na kwamba kumwita kijana Aegon si sawa na kusema ni mwana wa Rhaegar. Jibu la kwanza halinitoshi, kwa sababu watoto hao wamekatwa ndimi. La pili linanitosha zaidi, kwa kuwa Varys ni mtu wa kupima maneno na neno lililokosekana hapo ndilo lililohitajika. Tamthilia haitusaidii, kwani ilimwondoa kijana huyu kabisa na jina la Aegon ikampa Jon. Huenda jibu litakuwa katika kitabu cha sita, ambacho Martin bado anakiandika.