Tumbo la mtoto limevimba, ni bandama tu? Maswali ya wazazi wa Mtwara na Lindi kuhusu saratani ya watoto

Maswali haya ndiyo yanayoulizwa sana huku kusini, kliniki za watoto na kwenye mikutano ya afya vijijini. Nimeyaacha yalivyo, hata yale yenye ukali, maana mzazi mwenye mgonjwa hana muda wa kuchagua maneno.

Saratani si ugonjwa wa watu wazima? Mtoto wa miaka minne ameipatia wapi?

Watoto nao huipata. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri wa hadi miaka 19 hupata saratani. Haitokani na sigara wala pombe kama zilivyo baadhi ya saratani za wakubwa. Mara nyingi ni hitilafu inayotokea kwenye seli za mwili zikiwa zinakua, na ni takriban mtoto 1 kati ya 10 mwenye kasoro ya kurithi. Kwa hiyo, mama, usijitese ukikumbuka ulichokula wakati wa ujauzito. Wala jirani asisingiziwe.

Kinachouma ni hiki. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Ungedhani wenzetu wana dawa ya siri, lakini sivyo: dawa nyingi zinazowaponya zimekuwapo tangu miaka ya 1950 na 1960. Watafiti wanapofuatilia watoto wanapotelea wapi, wanakuta dawa kukosekana ni sababu mojawapo tu. Wengine ugonjwa haukutambuliwa kabisa, wengine ulipewa jina lisilo lake, wengine walifika wamechelewa, wengine walianza matibabu wakayaacha. Mwaka 2018 WHO ilianzisha mpango wa kimataifa unaotaka ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wapone. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaanzia nyumbani na zahanati, siyo Ulaya.

Mwanangu tumbo limevimba upande mmoja. Bibi yake anasema ni bandama, tumchanje chale. Nimsikilize?

Bibi hajasema kwa ubaya. Huku kwetu malaria imetuzoesha: mtoto akiugua mara kwa mara bandama huvimba kweli, na kila tumbo kubwa likapewa jina hilo hilo. Lakini bandama iko kushoto, chini ya mbavu. Kuna uvimbe mwingine unaotoka kwenye figo, kushoto au kulia, unaoitwa uvimbe wa Wilms. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Nao una hila: mara nyingi hauumi. Mtoto anakula, anakimbia, anacheza na wenzake, na mama anaugusa siku anamwogesha, kitu kigumu ubavuni ambacho jana hakukijua. Wengine hukojoa damu.

Chale hazifiki kwenye figo, zinaleta kidonda tu. Kukanda tumbo ndiko kubaya zaidi, kwa sababu uvimbe huu ukibonyezwa kwa nguvu unaweza kupasuka ndani na seli za saratani zikamwagika tumboni, na hapo matibabu yanakuwa mazito zaidi. Hata hospitalini daktari makini haruhusu wanafunzi wapange foleni kuubonyeza. Mtoto asikandwe, asifungwe kitambaa cha kubana.

La kufanya ni kuomba utrasaundi ya tumbo. Haina sindano wala maumivu, na kwa dakika chache inaonyesha kama kilichovimba ni bandama, ini au figo. Kama mtoto ametibiwa malaria na uvimbe upo palepale, rudi. Usikubali dozi nyingine ya malaria kabla ya mtu kuliangalia hilo tumbo kwa mashine. Hospitali ya Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Ndanda, Nyangao, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na hospitali yako ya wilaya: anza na iliyo karibu.

Ugonjwa ukithibitika, mara nyingi mtoto hupewa dawa kwanza kwa wiki kadhaa ili uvimbe unywee, halafu ndipo afanyiwe upasuaji. Hapa utafiti wa jirani zetu umetusaidia. Watafiti wa Blantyre, Malawi, waligundua kuwa watoto waliodhoofika kwa utapiamlo huchelewa kuiondoa dawa mwilini, kwa hiyo dozi iliyopangwa kwa mtoto wa Ulaya aliyeshiba inaweza kumzidi nguvu mtoto wetu. Jambo kama hilo hulijui mpaka upime watoto wa hapa.

Taya limevimba na meno yanalegea. Ang'olewe jino?

Jino bovu lipo, na jipu la fizi lipo. Ila mtoto wa miaka mitano au saba ambaye taya linajaa wiki hii na wiki ijayo limezidi, meno kadhaa yanacheza kwa pamoja, pengine na jicho linasukumwa nje, huyo si wa kung'olewa jino na kurudishwa nyumbani. Inawezekana ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga za mwili.

Saratani hii ina historia ya Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, akawa anaona watoto wenye mataya yaliyovimba pande zote, akaandika juu yao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kusini, wakiuliza kila mahali: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Wakachora ramani. Uvimbe ulikuwa mwingi nyanda za chini zenye joto na mvua, ukawa adimu kwenye milima yenye baridi. Ukiitazama ramani hiyo unaona pale palipo na malaria kali. Mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein na wenzake Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Ndicho kirusi kinachoitwa Epstein-Barr.

Kirusi hicho karibu kila mmoja wetu anacho tangu utotoni na hakitudhuru. Mtoto anapoumwa malaria tena na tena, kinga yake inavurugika, na kwa wachache mno seli za damu zilizobeba kirusi zinaanza kuzaliana bila breki. Pwani yetu ya kusini ina joto, mvua na malaria, ndiyo maana kila muuguzi wa zahanati huku anapaswa kuijua sura hii. Chandarua si kinga ya moja kwa moja dhidi ya saratani, lakini kupunguza malaria ni kuondoa kichocheo kimoja.

Burkitt hukua haraka kuliko karibu uvimbe wowote wa binadamu. Unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo huyeyuka haraka ukipata dawa, na matibabu yake ni ya miezi michache tu. Hapa wiki mbili za kusubiri si wiki mbili za kawaida. Wakati mwingine huanzia tumboni, au hukandamiza uti wa mgongo na mtoto aliyekuwa anatembea akashindwa kusimama. Hiyo ya miguu ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwenye picha ya simu jicho moja la mtoto linang'aa jeupe kama la paka.

Mpeleke hospitali yenye daktari wa macho wiki hii. Mwanga wa simu ukimpiga mtoto, mboni kwa kawaida hutoka nyeusi au nyekundu. Weupe unaojirudia, hasa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, au makengeza yaliyoanza ghafla, unaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho. Inaweza pia kuwa mtoto wa jicho, nao unahitaji daktari vilevile. Ikiwahiwa, maisha huokolewa, na pengine jicho pia. Ikichelewa, daktari atashauri jicho litolewe, na hapo ndipo familia nyingi hutoroka hospitali. Nawaelewa. Lakini saratani hiyo ikiachwa hufuata mshipa wa jicho hadi kwenye ubongo, ilhali mtoto mwenye jicho moja na lingine la bandia anasoma, anaoa au anaolewa. Ndugu zake wadogo nao wapimwe macho, maana aina nyingine ya ugonjwa huu hurithiwa.

Na saratani ya damu tutaijuaje, kama haina uvimbe?

Kwa kuona tiba za magonjwa mengine hazimsaidii mtoto. Homa zinazorudi huku kipimo cha malaria kikisema hakuna, weupe wa viganja, kuongezewa damu na baada ya muda mfupi kuhitaji tena, kutokwa damu kwenye fizi, madoa ya damu chini ya ngozi, maumivu ya mifupa hadi mtoto akatae kutembea. Selimundu nayo hufanana kwa baadhi ya dalili, kwa hiyo vipimo viwili vinatakiwa: cha selimundu na picha kamili ya damu. Ikibidi watachukua uloto kwenye mfupa wa nyonga.

Wanasema kisu kikigusa uvimbe, saratani inasambaa. Kwa nini wachukue kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa?

Kwa sababu uvimbe wa aina mbili unaofanana kwa macho unaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa. Kinyama kikikaguliwa kwa hadubini kinamwambia daktari anapigana na nani. Kuchukua kinyama kwa utaratibu hakumfanyi mtoto awe mbaya zaidi; wengi huonekana wamezidiwa baada ya kipimo kwa sababu walifika ugonjwa umeshakwenda mbali. Jicho ni tofauti: retinoblastoma haichomwi sindano, hutambuliwa kwa uchunguzi wa macho na picha.

Malalamiko ninayoyakubali ni ya kusubiri. Kinyama kinasafirishwa, mtaalamu wa kukisoma ni mmoja kwa wagonjwa wengi, na majibu hukawia wiki kadhaa wakati Burkitt haisubiri. Ndiyo sababu watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakipima njia ya kutambua limfoma hii kwa damu tu. Uvimbe unapokua seli zake nyingine hufa na kumwaga vipande vya vinasaba kwenye damu; ukivisoma, pamoja na vile vya kirusi, unaweza kuutambua bila kukata nyama. Kwangu mimi huu ndio utafiti wenye maana zaidi kwa mtu wa Nanyumbu au Nachingwea, kwa kuwa chupa ya damu husafiri kirahisi kuliko mtoto.

Dawa za kemo ni sumu. Mitishamba si bora?

Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ni kali kweli. Nywele hunyonyoka kisha huota tena, mtoto hutapika, kinga hushuka. Kwa watoto wa saratani ya damu ilianzia Boston mwaka 1947, daktari Sidney Farber alipowapa dawa ya aminopterini. Kati ya watoto 16, 10 walipata nafuu, lakini ya muda tu. Baadaye ikajulikana kuwa dawa kadhaa zikiunganishwa, nafuu hugeuka kupona.

Na mitishamba? Moja ya dawa hizo, vinkristini, inatoka kwenye mmea. Ule mmea mfupi wenye maua ya zambarau au meupe ya petali tano, unaopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani, asili yake Madagaska. Lakini usiende kuuchemsha! Majani mengi mno hutoa dawa kidogo sana, na yana kemikali nyingine zinazodhuru. Hata vinkristini yenyewe ni ya kuingizwa kwenye mshipa tu, kwa kipimo kinachokokotolewa kwa ukubwa wa mwili wa mtoto.

Tukikubali utafiti, si watoto wetu wanafanyiwa majaribio?

Swali la haki. Utafiti wa tiba hapa nchini lazima upitishwe na kamati ya maadili, ikiwemo ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Unasomewa fomu kwa Kiswahili, unauliza, unasaini au unakataa. Ukikataa, mtoto anaendelea kutibiwa kama kawaida. Ukikubali, unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mtoto mwenye saratani inayotibika haachwi bila tiba ili aangaliwe. Tiba mpya hulinganishwa na iliyo bora inayotumika. Utafiti mwingine ni wa kuhesabu tu: nani alifika, baada ya muda gani, nani hakurudi. Mtu akikuharakisha usaini bila maelezo, usisaini.

Baba yuko shambani, mjomba hajakubali, na Dar ni mbali. Tufanyeje?

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na mara nyingi rufaa ya mtoto wa saratani wa kusini huishia Muhimbili. Kwa familia nyingi za Kimakonde, Kimwera na Kimakua, neno la mjomba ni zito, na safari husubiri kikao. Basi mpelekeni mjomba kwa daktari aelezwe mwenyewe. Akishaelewa huwa ndiye anayetafuta nauli. Muhimbili, kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, hutibu saratani za watoto bila kuitoza familia. Ukifika, muulize ofisa wa ustawi wa jamii kuhusu malazi ya mzazi.

Kibaya ni kuondoka katikati. Watafiti huhesabu kuwa mtoto ameacha matibabu akikosa wiki 4 mfululizo bila sababu ya kitabibu. Mara nyingi ni wakati uvimbe umeshayeyuka, nyumbani korosho zinaanguka, na mzazi anasema amepona. Hajapona. Seli chache zilizobaki zikirudi, zinarudi zimezizoea dawa. Matibabu ya aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi huchukua miaka 2 hadi 3. Ukilazimika kurudi shamba, mwambie daktari mpange tarehe, usitoweke.

Yuko nyumbani kati ya kemo na kemo, amepata homa. Nimpe panado nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Kinga yake iko chini, na homa ya nyuzi 38 inaweza kuwa maambukizi yatakayomzidi usiku mmoja. Mpeleke hospitali ya karibu saa hiyo hiyo na karatasi zake za Muhimbili, useme mlangoni kabisa: "Huyu yuko kwenye kemo." Wakimpima malaria, sawa, ila antibayotiki za mshipa zianze bila kungoja, na wampigie daktari wake Dar.