Umeme wa kiwandani si kufunga nyaya za nyumba

Mombasa wazazi wengi husema: "Umeme ni umeme, mtoto ajifunze kwa fundi mtaani, chuo cha nini?" Fundi wa mtaani namheshimu sana, ila hapo wanakosea. Nyumbani ni volti 240, fezi moja, yaani waya mmoja wa moto. Kwenye viwanda vya Changamwe ni fezi 3, volti 415, na mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja huweza kuvuta mara 6 ya mkondo wake wa kawaida. Chuoni mwanafunzi huiwasha kwa nyota kwanza, kisha delta (njia mbili za kuunganisha koili za mota), mkondo wa kuwashia unashuka hadi thuluthi. Kontakta (swichi za sumaku) za nyota na delta zikifunga pamoja, ni shoti. Na hapo bado hajafika kwenye elektroniki: sensa (vifaa vya kuhisi), na PLC, kompyuta ndogo inayoamua mota ipi iwake na lini.