Redio ya ziada ya jeshi

Kifaa cha ziada ni kile ambacho jeshi lilikinunua, kisha likawa halikihitaji tena. Si lazima kiwe kimechoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, redio nyingi za ndege za Marekani ziliuzwa kwa bei ya kutupa zikiwa bado mpya ndani ya makasha. Kuziita mtumba ni kuzionea. Waliozifurahia ni waredio wa ridhaa, watu wenye leseni ya kuwasiliana hewani kwa mapenzi tu, bila malipo. Wale wa Marekani walinyamazishwa Desemba 1941, wakaanza kuruhusiwa tena Agosti 1945.

Kuigeuza redio hiyo ni kuipa kila ilichokuwa ikipewa na ndege. Chukua BC-453, kipokezi kidogo cha masafa ya kilohezi 190 hadi 550. Angani ilitumia umeme wa volti 28, mkondo mnyoofu, na dainamota iliyofungwa mgongoni ikaupandisha hadi volti 250 hivi kwa ajili ya valvu, mirija inayokuza ishara. Nyumbani dainamota huondolewa, pakawekwa transfoma, rektifaya ya kunyoosha mkondo, na kapasita, vihifadhi chaji, za kuulainisha. Kidhibiti cha sauti nacho hakimo. Kilikuwa kwenye kisanduku karibu na rubani, kwa hiyo unakifunga mwenyewe, pamoja na tundu la hedifoni.

Lakini wakati ule masafa hayo hayakuwa na bendi ya ridhaa hata moja! Utamu wake ulikuwa kwingine. Vipokezi vingi hugeuza mawimbi yanayoingia kuwa masafa ya kati, mara nyingi kilohezi 455, ambayo BC-453 inayafikia. Basi watu walitoa waya kwenye masafa ya kati ya redio yao ya kawaida, wakauleta kwenye antena ya BC-453. Yenyewe masafa yake ya kati ni kilohezi 85 tu, na huko chini ni rahisi zaidi kumchuja mtu mmoja kutoka kwa majirani zake. Ishara za Morse zilizobanana zikatengana. Wakaiita Q5er, maana kwao Q5 ni ishara inayosomeka bila shida yoyote.

Ukiipata nzima leo, tafadhali usiitoboe uso wake. Jenga kifurushi cha umeme kinachokaa palepale pa dainamota. Kapasita za karatasi zibadilishe kabla ya kuiwasha. Na hata ukishachomoa plagi, usiguse ndani mpaka umepima: volti 250 huweza kubaki kwenye kapasita.